Fremu ya duka au niendelee uani? Korosho za kukaanga, Mtwara mjini. Naombeni ushauri kabla sijalipa

Mama Bibo

Wakuu habari za muda huu. Mimi ni msomaji wa kimya siku nyingi ila leo imebidi na mimi niandike maana usiku silali, naombeni mnisome mpaka mwisho hata kama ndefu.

Niko Mtwara mjini, Chuno, nina mume na watoto watatu na mama mkwe tunaishi nae. Mwaka wa nne huu nafanya biashara ya korosho za kukaanga hapa hapa nyumbani. Sibangui mwenyewe, nanunua korosho karanga zilizoshabanguliwa kutoka vikundi vya akina mama huko vijijini, zikifika nazipembua tena, nzima kivyake vipande kivyake, nazipitisha kwenye maji ya chumvi, naanika, nakaanga kwenye oveni ya gesi, zikipoa kabisa nafunga paketi za robo na za nusu kilo. Nilianza na kilo tano za kukopa, leo miezi ya kawaida natoa kilo 60 na msimu ukifunguka Novemba na Desemba nafika 150 maana watu wana hela na kila anayesafiri anataka zawadi ya kupeleka.

Sasa shida. Nyumbani pamenishinda. Mteja anakuja saa nne usiku anapiga hodi anataka paketi moja ya elfu nane na anataka kulipa Ijumaa. Majirani kila mmoja anasema "nionjeshe" na mkono ushaingia kwenye beseni. Wiki iliyopita nna kilo tatu kwenye oveni, nazigeuza kila dakika tano kama kawaida, pale zinapoanza kugeuka rangi ile ya kanzu iliyofuliwa sana ndo hutakiwi kuondoka, dakika mbili tu zinatosha kukuharibia. Nikaitwa getini. Nikaenda. Mtu mwenyewe anauliza bei halafu anasema atarudi. Narudi jikoni moshi, kilo tatu zote zimekuwa kahawia kama buni. Nilikaa chini nikalia, baba watoto akaja akachukua moja akatafuna akasema mbona tamu, ndo nikazidi kulia.

Kuna fremu nimeonyeshwa maeneo ya stendi ya Mkanaledi, laki na ishirini kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita mkupuo. Mpangaji anayetoka anataka kilemba, yaani hela ya kumpisha, laki nne, anaacha shelfu na kaunta ya kioo. Dalali anataka mwezi mmoja wake. Kuna nyingine karibu na sokoni elfu 90 ila ndogo. Nna akiba milioni moja na laki sita. Msimu unafunguliwa mwezi ujao nikichelewa fremu itachukuliwa. Mume anasema nifanye ninavyoona, yaani hajasema kitu.

Je nihamie au nikae? Waliowahi kuhama wanisaidie. Naomba kuwasilisha.

Kangomba Mstaafu

Nimeweka mkeka hapa nasubiri wajuzi. Ila mkuu hizo kilo tatu zilizoungua bado zipo? Nna bia zangu mbili hapa.

Cherehani Nne

Dada hama. Mimi nilikuwa nashona sebuleni Likombe miaka mitano, cherehani moja, kila siku nikasema bado bado. Nilipopata fremu ya barabarani mwaka wa kwanza tu nikaongeza cherehani tatu. Watu walikuwa hawajui kama nipo. Nyumbani utaitwa mama wa korosho mpaka uzeeke, mteja wa maana, hoteli, ofisi, wageni wa semina, hawezi kuingia uani kwako kuruka nguo za watoto zilizoanikwa. Na ukiwa nyumbani watu hawakulipi bei kamili, wanaona kama unawasaidia tu unga wa jioni.

Laki na ishirini kwa Mkanaledi si mbaya. Chukua kabla ya msimu.

Mlindi Halisi

Cherehani Nne hajakosea ila nguo na korosho ni vitu viwili. Nguo mteja lazima aje apimwe, aone kitambaa, arudi kujaribisha. Korosho mtu ananunua akiwa mbioni.

Ngoja nikupe yangu. Mimi niko Lindi mjini. 2018 nilikuwa nauza vitenge na nguo za watoto nyumbani, nakopesha nakusanya, maisha yanaenda. Nikasema msimu huu nihamie fremu. Nikalipa MWAKA MZIMA mbele, mwenye fremu alikuwa hataki chini ya hapo, nikajaza mzigo wa Kariakoo, nikasubiri hela ya korosho ishuke. Wote mnakumbuka ule msimu. Wakulima walizikataa bei za mnadani, Novemba rais Magufuli akatangaza serikali inanunua zote kwa 3,300 kilo na magari ya jeshi yakaja kubeba. Bei nzuri kabisa, tukashangilia. Lakini uhakiki ulichukua muda na wakulima wengi walikaa miezi bila kuona hela, na huku kwetu mkulima asipolipwa hakuna anayelipwa, si bodaboda, si fundi, si mama ntilie. Nilikaa kwenye fremu ile Desemba, Januari, Februari nafukuza nzi. Kodi nilishalipa kwa hiyo hata kuondoka siwezi. Ningekuwa nauza nyumbani nisingepata hasara hiyo, nguo zingelala kabatini tu hazidai kitu.

Somo sikupi, nakuambia tu Kusini hela ina msimu, fremu haina msimu. Fremu inadai mwezi wa nne kama inavyodai mwezi wa kumi na moja.

Cherehani Nne

Mlindi hiyo ni 2018 mkuu, unamtisha dada wa watu.

Mlindi Halisi

Simtishi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipita na mvua, barabara ikakatika kule Somanga, magari ya Dar yakakwama. Ilikuwa si korosho si siasa, ni maji tu. Na pango likaendelea. Kila baada ya muda kitu kitatokea, swali ni kikitokea wewe unadaiwa na nani.

Hesabu za Mtaani

Mama Bibo kwanza hongera, kilo 60 kutoka kilo tano za mkopo si mchezo. Pili nijibu hivi vitu vichache tuache maneno matupu: unanunua kilo shilingi ngapi, unauza ngapi, na kila kilo ikishafungwa imekula shilingi ngapi ya paketi, stika, gesi na huyo anayekusaidia?

Mama Bibo

Asanteni wote. Mlindi pole sana, umenifanya nitoke nje nikapunge upepo.

Hesabu: kwa sasa nachukua elfu 22 kilo nzima nzuri. Paketi, stika, gesi, chumvi na binti anayenisaidia kupembua nikigawa inakuja kama 2,500 kwa kilo. Robo nauza elfu 8 kwa hiyo kilo ni 32,000. Kuna zinazovunjika na uzito unapungua kidogo kwenye moto, nikitoa yote nabaki na elfu saba hivi kwa kilo. Msimu ukikolea, Desemba Januari, akina mama wanashusha bei naweza kupata hata kwa 18, ila ndo huwa sina hela ya kubeba nyingi, nakuja kununua Juni kwa bei ya juu.

Hesabu za Mtaani

Hapo mwishoni umejibu swali lako mwenyewe ila hujaona. Twende taratibu.

Fremu: pango 120,000. Mdada wa kukaa dukani, maana wewe upo kwenye oveni huwezi kuwa sehemu mbili, tuseme laki na nauli na chakula elfu 30. Umeme 15,000. Mlinzi na taka 13,000. Halafu kuna kitu wapangaji wengi hawaambiwi, pango la biashara lina kodi ya zuio asilimia 10 ambayo MPANGAJI ndo anatakiwa kuikata kwenye hela ya mwenye nyumba na kuipeleka TRA. Kisheria inatoka kwenye hela yake, kimtaani mwenye nyumba anakuambia mimi nataka yangu kamili, kwa hiyo inakuwa yako. Weka 12,000. Jumla 290,000 kila mwezi, na sijaweka ushuru wa stempu wa mkataba, asilimia moja ya pango la mwaka, hiyo ndogo.

290,000 gawa kwa faida ya 7,000 ni kilo 41 na kitu, sema 42. Yaani kilo 42 JUU ya hizo 60 unazouza sasa, ndo unarudi pale pale ulipo leo. Paketi 168 za robo kwa mwezi, siku 26 za kazi, karibu paketi saba mpya kila siku. Mpya. Sio wateja wale wale wa Chuno wamehamia kununulia stendi.

Sio kwamba haiwezekani, stendi paketi saba zinatoka. Linalonitisha ni lingine. Miezi sita 720,000, dalali 120,000, kilemba 400,000, jumla milioni moja laki mbili na arobaini. Kwenye akiba yako inabaki laki tatu na sitini. Kwa elfu 22 hiyo ni kilo 16. Duka la kioo, rangi mpya, shelfu safi, kilo 16 ndani, na msimu ndo unafunguka na kilo inashuka mpaka 18 na wewe huna hela ya kununua. Milioni na laki mbili ya Desemba kwa bei ya 18 ni kilo 66, na zile zile Juni kwa 22 ungezilipia laki mbili na elfu sitini zaidi. Mtaji wako ni mzigo dada'angu, usiulaze kwenye ukuta wa mtu.

Kangomba Mstaafu

Hapo kwenye ukuta wa mtu nimesimama nikakaa.

Sufuria Moja

Naomba niongezee kwenye hiyo fremu ya elfu 90 karibu na sokoni. Umeangalia jirani zake ni nani? Kama kuna wauza dagaa na papa mkavu hata fremu ya tatu yake, usiingie. Korosho ni mbea, inasikia kila kitu. Mimi niliwahi kuweka ndoo ya korosho stoo moja na gunia la ng'onda siku mbili tu, imefunikwa, mteja akafungua paketi akaniuliza hizi mmekaanga na nini. Nikarudisha hela ya paketi kumi na tano.

Na jua. Ile ya stendi inatazama wapi? Kama inatazama magharibi ile kaunta ya kioo unayolipia kilemba itakuwa oveni ya pili kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi, juu bati halina dari, korosho inatoa mafuta inaanza kuchacha ndani ya paketi kabla hata wiki tatu hazijaisha. Mteja haoni, anakuja kuionja Mbagala mbele ya wakwe. Huyo harudi na hakuambii.

Mama Bibo

Sufuria Moja Mungu akubariki. Leo nimeenda kuangalia saa tisa mchana kwa makusudi. Inatazama magharibi. Nimeweka mkono kwenye kioo nimeutoa.

Na nilipomwambia mwenye nyumba nitaleta oveni akasema hapana, hataki moto kwenye fremu zake, kuna fundi alimuunguzia dari. Kwa hiyo hata nikihamia bado nakaangia nyumbani! Sikuwahi kuuliza hilo. Nilikuwa nawaza nitatoka na kila kitu kumbe kinachotoka ni paketi tu, zile kelele zote za getini zitapungua ila jiko langu lile lile, watoto wale wale.

Dalali Mstaafu

Nimefanya udalali miaka tisa, nimeacha, sasa naweza kusema ukweli.

Dada hiyo haraka ya "itachukuliwa" ni yetu sisi, tunaiuza pamoja na fremu. Septemba Oktoba ndo mwezi wetu, tunajua kila mwenye ndoto anataka kuingia kabla ya msimu kwa hiyo bei inapanda na masharti yanakaza. Nenda fremu zile zile mwezi wa tatu uone milango iliyofungwa, hapo mwenye nyumba anakubali miezi mitatu, wengine hata miwili, na kilemba kinayeyuka kwa sababu anayetoka alishatoka usiku.

Halafu kilemba, mlipe nani? Hakipo kwenye mkataba. Unampa mpangaji anayetoka, yeye si mwenye nyumba, miezi sita ikiisha mwenye nyumba akikupandishia au akimtaka mwanae aingie, laki nne yako hakuna wa kumuuliza. Ukilazimika kutoa, mwenye nyumba awepo, andikeni vitu kimoja kimoja, shelfu tatu, kaunta moja, wote msaini na mjumbe awepo.

Na uliza LUKU, mita ya umeme. Fremu nne mita moja ni ugomvi wa kila wiki, muuza soda ana friji mbili wewe una taa moja, mnagawana sawa.

Binti Mikindani

Jamani mbona mnaongelea kama kuna njia mbili tu, uani au fremu. Kwani lazima duka liwe lake?

Fikirieni mteja wa korosho stendi ni nani. Ni msafiri. Mabasi ya Dar mengi yanaondoka alfajiri, na toka yaruhusiwe kutembea usiku 2023 kuna ya jioni pia. Msafiri anakumbuka zawadi akiwa ameshika tiketi, saa kumi na moja asubuhi, dakika ishirini kabla ya gari. Mama Bibo utafungua fremu saa kumi na moja alfajiri? Mdada wa laki moja atafungua? Atafungua saa tatu, gari ziko Mingoyo hizo.

Lakini pale pale stendi kuna watu ambao tayari wako wazi saa kumi, wauza maji na biskuti, wauza chai. Mtafute mmoja msafi, mpe kabati dogo la kioo lenye jina lako, kila paketi ikiuzwa chukua chako mpe mia tano. Hiyo mia tano ndo pango lako, na haidai siku usipouza.

Cherehani Nne

Na paketi zikiibiwa? Na akiweka za mtu mwingine kwenye kabati la Mama Bibo? Na akisema zimeuzwa tano kumbe nane?

Binti Mikindani

Unahesabu, mkuu. Peleka ishirini, rudi kesho kutwa hesabu zilizobaki. Kabati lina kufuli, stika ina namba. Hata mdada wako wa fremu anaweza kuiba, tena huyo unamlipa mshahara.

Cherehani Nne

Haya sawa. Bado nasema siku moja atahitaji pake.

Hesabu za Mtaani

Siku moja ndiyo. Sio mwezi ujao kwa hela ya mzigo.

Ila Mama Bibo kuna kitu nikuambie wala usikimbie. Umesema kilo 60 miezi kumi na 150 miezi miwili, hiyo ni kilo 900 kwa mwaka, mauzo yanapita milioni 25. Watu wanadhani kukaa uani ni kujificha, kodi haijali kama uko uani au barabarani. TIN, namba ya mlipakodi, unayo? Utaratibu wa wafanyabiashara wadogo unaangalia MAUZO sio faida. Chini ya milioni 4 kwa mwaka hulipi, ukipita 11 unatakiwa na mashine ya risiti ya EFD na kumbukumbu, na kodi inakuwa 210,000 jumlisha asilimia tatu na nusu ya kinachozidi hiyo 11. Kwa mauzo ya milioni 27 ni 770,000 kwa mwaka. Muuza korosho anaumia zaidi ya msusi hapa, msusi akiingiza milioni 27 nyingi yake ni mikono, wewe zaidi ya nusu inarudi kwa mama aliyebangua. Kwa hiyo hiyo nayo iweke kwenye bei, uhame usihame.

Mama Bibo

TIN ninayo ila makadirio ni ya wakati ule nauza kilo kumi kumi. Nitaenda, na daftari langu. Kwa kweli sikuwa najificha, nilikuwa sijui nimekua.

Sufuria Moja

"Sikuwa najificha, nilikuwa sijui nimekua." Dah.

Basi kama umekua na jiko nalo likue. Mimi mwanzo nilikuwa natamani fremu kama wewe, nikaenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuuliza habari za vifungashio, wakaniambia habari za alama ya ubora ya TBS, kwamba mjasiriamali mdogo akipitia kwao anapata barua na ile alama miaka mitatu ya mwanzo hailipiwi. Ila sharti ni chumba cha kuzalishia kitenganishwe na jiko la familia, ukuta unaosafishika, dirisha lina wavu, pa kunawia mikono, na wanaoshika chakula wawe wamepima afya. Fremu ya stendi haikupi hata kimoja hapo. Chumba kimoja uani kwako kinakupa vyote. Na ukiwa na alama ndo hoteli na supamaketi wanakusikiliza, wale wateja wa Cherehani Nne hawatafuti fremu, wanatafuta lebo na risiti.

Una nafasi uani?

Mama Bibo

Nafasi ipo, kuna banda la kuku lililokufa. Matofali yapo kama mia tatu mume aliyanunua ya kujenga ukuta wa mbele mwaka juzi, yameota majani.

Kangomba Mstaafu

Shemeji asikie hapo kwenye matofali yake halafu aseme tena "fanya unavyoona".

Jirani Mwema

Samahani naingilia, mikopo ya halmashauri ile asilimia kumi imerudi tangu 2024, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, haina riba. Lazima muwe kikundi. Wale akina mama wanaokubangulia mngeweza kuungana.

Mlindi Halisi

Kikundi ni kizuri ila chagua watu. Naishia hapo.

Mama Bibo

Wakuu nimesoma yote, nimemsomea na baba watoto kwa sauti mpaka pale pa matofali. Amecheka halafu amenyamaza halafu amesema basi chukua. Mama mkwe ndo kashangaza, kasema "siku zote nilikuwa nasubiri uondoe moshi wako jikoni kwangu". Jikoni KWAKE. Haya.

Nimempigia dalali nimemwambia hapana. Kaniambia nitajuta. Nitaleta mrejesho.

---

Mama Bibo

Mrejesho kama nilivyoahidi, najua ni Februari, msinipige.

Chumba kimeisha Novemba katikati. Hatua nne kwa nne, sakafu ya saruji, plasta, nimepaka rangi ya mafuta mpaka usawa wa bega ili iweze kufutwa, wavu dirishani, mlango una kitasa na ndani kuna komeo! Hilo komeo ndo kitu nilichokuwa nakihitaji miaka yote minne kumbe. Nikiwa na oveni nafunga, mtoto mkubwa ndo anaenda getini, bei kaiandika kwenye kibao na chini yake kaongeza HAKUNA KUKOPA, HAKUNA KUONJA kwa mwandiko wake mbaya. Majirani wawili wamenuna. Mmoja ameshanunua.

Chumba kimekula laki sita na nusu, mlango na saruji ndo ghali. Iliyobaki yote nimenunua mzigo Desemba mwishoni na Januari kwa 18 na 18,500, kilo hamsini na mbili ziko kwenye ndoo za mfuniko chumbani chini ya kitanda kwa sababu ndo sehemu yenye ubaridi kuliko zote kwenye nyumba hii.

Stendi. Nimepata dada mmoja anauza maji na juisi, anafungua saa kumi alfajiri, msafi kuliko mimi. Kabati nimechongesha elfu 85. Siku ya kwanza zikaenda paketi tisa nikaona nimetajirika, siku ya pili mbili, ya tatu sifuri, nikataka kulichukua kabati langu. Kisha sikukuu zikaingia, kuna siku nilipeleka mara mbili. Sasa Februari imetulia, nne, tano, sita, siku mbaya moja. Haifiki saba za Hesabu za Mtaani. Ningekuwa kwenye fremu saa hizi naandika uzi mwingine.

Kosa moja limetokea. Kabati aliliweka juu ya friji kwa sababu ndo panaonekana, na friji inatoa joto nyuma na juu. Wiki mbili. Nilifungua paketi moja nikanusa, nikaondoa zote kumi na nne. Sasa liko kwenye meza upande wa kivulini na halionekani sana, ndo hivyo, nimeweka stika kubwa.

Ya kodi nimeyaweka sawa. Barua ya SIDO ninayo, ukaguzi wa TBS bado nasubiri. Sijui kama nitahitaji fremu, labda mwezi wa tatu nipite nione hiyo milango anayosema Dalali Mstaafu.

Dalali Mstaafu

Pita wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu. Usivae vizuri.

Cherehani Nne

Nimekubali dada. Ila hiyo stika kubwa kakuchapia nani, rangi zimekosewa, lete nikuelekeze kwa mtu.

Mlindi Halisi

Lindi unatuma? Nataka nusu kilo tatu, sio za juu ya friji.

Mama Bibo

Natuma mkuu, gari la asubuhi, nitumie ujumbe. Za juu ya friji zimeshaliwa na mwenye matofali.

Kangomba Mstaafu

Na zikiungua tena?

Mama Bibo

Hizo nazo ana oda ya kudumu.